Meseji iko foleni, mteja anataka kuibadilisha: nani ameishika?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza app ya kuchati na AI kwa ajili ya wafanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, wanauliza maswali na kuweka oda. Shida ni kwamba AI ikiwa bado inaandika jibu watu wanaendelea kutuma meseji, zinakaa foleni, halafu wanataka kuzirekebisha kabla hazijasomwa. Nimeweka kalamu ya kuediti ila juzi mama mmoja kaandika gunia 20, akabadilisha ikawa 12, zikaenda zote mbili na AI ikamwekea oda ya gunia 32. Nifanyeje? Au nifunge tu kiboksi cha kuandikia mpaka AI imalize?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho: kiboksi usifunge. Najua linavutia, manake foleni inakufa yote na wewe unalala usingizi, lakini mtu akiwa na jambo kichwani anataka aliandike saa hiyo hiyo, ukimfungia mara ya kwanza atavumilia, mara ya pili atampigia dalali wake simu na app yako atakuwa ameshaiaga. Halafu kumbuka na lugha, modeli nyingi za AI zinayakatakata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na zinaandika kipande kwa kipande, kwahiyo jibu lile lile kwetu linachukua muda zaidi kuisha. Muda huo mama pale mwaloni ameshaongea na wateja wawili na mawazo yake yameshahama.

Sasa hiyo 32. Kwa ulivyoeleza naona njia mbili za kutokea. Ya kwanza, kalamu yako ikibonyezwa inachukua maandishi inayamwaga kwenye kiboksi, mama akituma inazaliwa meseji mpya kabisa, na ile ya zamani iko pale pale foleni hakuna aliyeigusa. Ya pili ni mtandao: simu ilishatuma ile ya 20, seva ikaipokea, ila taarifa kwamba imefika haikurudi, kwahiyo kwenye skrini bado inaonekana inasubiri, mama akaibadilisha kwa nia njema kabisa na simu ikatuma 12. Kama umewahi kupanda boti ya Ukerewe hali hii unaijua, mtandao unakuja unaondoka unakuja, na simu kila ikiupata inajaribu kutuma upya kila kitu ambacho haina uhakika nacho.

Dawa ya zote mbili ni moja. Simu yenyewe iipe kila meseji utambulisho wake pale pale inapoandikwa kabla haijaenda popote, UUID (namba ndefu ya bahati nasibu isiyojirudia) inatosha, na meseji ikieditiwa ibaki na utambulisho ule ule ila namba ya toleo ipande: toleo la 1 gunia 20, toleo la 2 gunia 12. Seva ikipokea kitu chenye utambulisho inaoujua isiongeze mstari mpya, iangalie toleo. Likiwa jipya na meseji bado iko foleni inabadilisha, likiwa la zamani au limejirudia inalipuuza, na kama meseji ishachukuliwa na AI inakataa na kusema wazi, jibu la 409 kwenye HTTP, yaani namba ya seva kusema "kuna mgongano", lipo kwa kazi hiyo hiyo. Ukifanya hivo tu 32 haitokei tena, itakuwa 20 au itakuwa 12.

Ila unaona bado inaweza kuwa 20, na mama alitaka 12, kwahiyo kazi ndo kwanza inaanza. Watu wengi wakiambiwa boresha namna ya kuediti meseji zinazosubiri wanakimbilia ikoni, rangi, kalamu ikae kulia au kushoto. Mi naona kuna swali moja linalobeba mengine yote: kwa sekunde hii, meseji hii iko mkononi mwa nani, mtu au mashine? Na lisiwepo hata dakika moja jibu la "wote wawili".

Angalia mfano huu taratibu. Mama ameuliza kwanini dagaa wanaadimika mwezi ukiwa mkubwa, AI inaanza kueleza habari za taa, kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga na mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu, maelezo marefu. Katikati ya hayo anaandika "niwekee gunia 20 za dagaa wakavu kesho asubuhi", inaingia foleni. Anakumbuka hela aliyonayo. Anabonyeza kalamu, anafuta 0, anafuta 2, kidole kinaelekea kwenye 1. Hapo hapo AI inamaliza habari zake za mbalamwezi, foleni inafunguka, programu yako inachomoa meseji iliyo mbele. Inachomoa nini? Kama anaeditia kwenye nakala tu, inaenda 20. Kama unahifadhi kila herufi anayobonyeza inaenda "niwekee gunia za dagaa wakavu kesho asubuhi", na AI kwa ujuaji wake inaweza kujaza namba yenyewe. Zote mbili mbaya, na mbaya zaidi ni kwamba kwenye majaribio hutaiona kamwe, manake we mwenyewe ukijaribu unaandika haraka na AI bado inaendelea.

Kwahiyo mtu akibonyeza kalamu, kabla hata kibodi haijapanda, meseji itoke kwenye hali ya "foleni" iingie "inaeditiwa", na foleni isimame hapo. Mnunuzi akiwa bado ameshika sato anamgeuzageuza muuzaji hamnyang'anyi akamtupa kwenye mzani, anasubiri. Na zilizo nyuma yake nazo zisubiri, zisimpite, manake nyuma yake kunaweza kuwa na "na uniongezee gunia 3" ambayo ikisomwa kabla ya ile ya mwanzo haina maana yoyote.

Kama foleni iko kwenye seva, hiyo kubadilisha hali lazima iwe pigo moja. Usifanye kwanza kusoma ("bado iko foleni?") halafu ndo uandike, katikati ya hayo mawili mwingine anapenya. Iwe amri moja ya SQL, "badilisha hali kama tu bado iko foleni", hivi:

UPDATE meseji SET hali='inaeditiwa' WHERE id=? AND hali='foleni'

Na upande wa pili, ile sehemu inayompelekea AI meseji, itumie mstari unaofanana na huo ila iweke 'inasomwa'. Wote wawili wanagombea mstari ule ule na databesi itampa mmoja tu. Unaangalia imebadilisha mistari mingapi: ikiwa 1 umeshinda, ikiwa 0 umechelewa, basi. Aliyechelewa akiwa ni mtu, mwambie ukweli hapo hapo kwamba imeshaanza kusomwa, usimfungulie kiboksi aediti kitu ambacho kimeshaondoka. Hakuna kinachoudhi kama kuediti kwa makini, ukabonyeza tuma, ndo unaambiwa haiwezekani.

Kuna swali dogo linafuata hapo: akishika kalamu halafu akaenda kupakia mzigo? Foleni imesimama, yeye hayupo. Watu wengi wanaweka muda, ukiisha inatumwa yenyewe. Mi nakataa kabisa. Muda ukiisha iwe rasimu, ikae pale imeandikwa "hujamaliza kuandika", na zilizo nyuma yake zikae nayo. Mtu aliyegusa kalamu ameshakwambia kwamba hakubaliani na kilichoandikwa, huna ruhusa ya kukituma.

Foleni iwekwe wapi, kwenye simu au kwenye seva? Kwa app yako mi ningeiweka kwenye simu, inatoka meseji pale tu zamu yake inapofika. Kuediti kunakuwa ni kwa papo hapo hakuhitaji mtandao, na ule ugomvi wa juu unabaki ndani ya simu moja ambapo ni rahisi kuusimamia. Gharama yake ni kwamba Android ikiiua app yako kwa kukosa nafasi, na simu za mwaloni nyingi zina RAM ndogo kwahiyo itaiua, foleni inapotea kama uliiweka kwenye kumbukumbu tu. Iandike kwenye diski, kama ni app ya brauza IndexedDB, hifadhi ya data iliyomo ndani ya brauza, ndo pahali pake. Akirudi akizikuta usizitume kimya kimya, zionyeshe na uulize kama bado anazitaka. Ameandika ile meseji kabla hajaona jibu, pengine jibu limeshamaliza swali lake, pengine bei imeshabadilika. Kwa mtu anayetumia simu mbili, au mume na mke akaunti moja, hapo ndo utalazimika kwenda kwenye foleni ya seva na ile UPDATE.

Kwenye skrini mtu aone hali tatu za meseji yake, usizichanganye: haijatoka kwenye simu, imetoka iko foleni (hii ni kama foleni iko kwenye seva), AI imeanza kuisoma. Hapa una bahati, watu wote wameshafundishwa na WhatsApp kwamba kisaa maana yake haijaenda na tiki moja imeenda, tumia hiyo hiyo usibuni alama zako. Ila maneno yaandikwe, "Inasubiri", "Inasomwa", na kalamu na kifutio vionekane palepale kwenye meseji inayosubiri tu, zikishasomwa vipotee. Usifiche kuediti nyuma ya kubonyeza kwa muda mrefu, mtu mwenye magamba mkononi na jua la saa saba kwenye skrini hatakaa agundue. Google wanashauri eneo la kubonyeza kwenye Android lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), kalamu yako ikiwa ndogo kuliko hapo atabonyeza kifutio.

Akibonyeza kalamu maandishi yaende wapi? Kuna wanaoeditia ndani ya meseji yenyewe, kwenye kompyuta inapendeza, kwenye simu kibodi inapanda inaifunika na ukurasa unaruka kwasababu AI bado inaandika kule chini. Shusha maandishi kwenye kiboksi cha kawaida, juu yake weka ukanda mwembamba "Unabadilisha meseji inayosubiri" na alama ya kuacha. Lakini kabla ya kuyashusha angalia kama kiboksi kina kitu. Kosa hili nalikuta kwenye app nyingi sana hata za wakubwa: mtu ameshaandika nusu ya meseji ya tatu, anakumbuka ya pili ina makosa, anabonyeza kalamu, ile nusu inafutika. Ihifadhi pembeni, akimaliza kuediti irudi ilivyokuwa na mshale wa kuandikia ukiwa mwishoni. Batani ya kurudi nyuma ya Android nayo, mara ya kwanza inashusha kibodi, ya pili itoke kwenye kuediti na meseji irudi foleni kama ilivyokuwa mwanzo, isimtoe kwenye app. Akifuta herufi zote akabonyeza tuma, hiyo ni kufuta, ifute ila umwachie "Rudisha" sekunde chache.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila kitakupunguzia nusu ya haya matatizo. Sisi hatuandiki meseji moja iliyokamilika, tunaandika "mambo", "nauliza", "dagaa wa leo", "wapo wakavu?", meseji nne. Foleni yako ikizitoa moja moja AI itasalimia, itasema uliza, itaeleza dagaa ni nini, ndo ifike kwenye swali, na kila zamu unaipelekea mazungumzo yote tangu mwanzo kwahiyo unayalipia mara nne. Jibu linapoisha chukua zote zilizo foleni uzipeleke kama zamu moja, kila moja mstari wake kwa mpangilio ule ule. Kwenye skrini ziache zikiwa nne ili kila moja iweze kueditiwa peke yake, zinaunganishwa tu pale zinapochukuliwa. Na kama mtu anaandika muda huo, yaani kiboksi kina herufi zinazoongezeka, subiri kidogo, sekunde moja mbili. Ukifanya hivi utashangaa haja ya kuediti inavopungua, kwasababu mtu anayeandika "gunia 20" halafu chini yake "samahani 12" ameshajisahihisha mwenyewe, na AI ikizisoma pamoja inaelewa. Ikizisoma moja moja ndo inazaa oda mbili.

Sasa aliyechelewa, meseji imeshaanza kusomwa. Hapo usijifanye bado inaweza kueditiwa, mpe "Simamisha". Na simamisha iwe ya kweli: kukata upande wa simu tu, kwa AbortController (kifaa cha JavaScript cha kukata ombi) au chochote unachotumia, kunaondoa maandishi kwenye skrini ila seva yako inaweza kuwa inaendelea kupokea kutoka kwenye modeli na bili inatembea. Seva ikiona simu imekata nayo ikate ombi lake. Halafu maandishi ya mama yarudi kwenye kiboksi arekebishe atume upya. Zile app zinazohifadhi matawi, kwamba ukiediti meseji ya zamani unapata vimshale vya kupitia toleo hili na lile, kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanaoandika ripoti ni tamu, kwa oda za dagaa ni balaa, mtu hajui tena tawi lipi ndo lenye oda yake.

Na hapo kwenye oda ndo nataka ukae sana. WhatsApp tangu 2023 wanaruhusu kuediti meseji ndani ya dakika 15, na inafanya kazi kwasababu upande wa pili kuna binadamu, akiona imebadilishwa anasoma tena anaelewa. AI yako ikisoma "gunia 20" haikai nayo kichwani, inaita programu ya oda, oda inaandikwa, pengine na dalali anapata taarifa anaanza kufunga mzigo. Kubadilisha maandishi baada ya hapo hakuondoi gunia hata moja. Kwahiyo chochote kinachogusa oda au hela kisiishie kwenye maandishi, AI iandae kadi: "Gunia 12, dagaa wakavu, kesho asubuhi", namba ikiwa kubwa inayoonekana, na batani ya "Thibitisha" na ya "Badilisha". Oda inaandikwa akibonyeza, sio kabla. Na kama kwenye foleni kuna meseji nyingine bado haijasomwa, kadi isithibitishwe, iseme kwanza "kuna meseji yako inasubiri", manake uwezekano mkubwa ndo marekebisho yenyewe. Hiki kipande cha mwisho sijakiona kwenye app nyingi na kwa biashara naona ndo cha thamani kuliko kalamu yote.

Baada ya kuthibitisha unaweza ukampa na muda wa kughairi kama Gmail wanavyochelewesha barua, wao wanakuachia uchague sekunde 5, 10, 20 au 30. Kwa oda chukua 10 au 20. Kwa meseji za kawaida usiweke, itaonekana app nzito.

Sauti nimekaribia kuisahau na najua wengi pale wanarekodi hawaandiki. Sauti haieditiwi, lakini ukiigeuza maandishi ikiwa bado foleni ukamwonyesha, anaweza kurekebisha namba kabla haijasomwa, na namba ndo kitu mashine za kusikia zinakosea hasa kukiwa na kelele za injini za mitumbwi.

Kujaribu: ifanye AI yako ya majaribio imalize jibu pale unapotaka wewe, batani moja tu ya siri, ndo utaweza kuimaliza katikati ya kuediti, kabla kidogo, baada kidogo. Weka simu kwenye hali ya ndegeni katikati ya kutuma, uitoe. Iue app ukiwa unaediti. Tuma meseji moja ukitumia simu mbili za akaunti moja. Kila mara hesabu oda kwenye databesi, usihesabu kwenye skrini, skrini inadanganya.

Ukianza, anza na utambulisho na kadi ya kuthibitisha hata kabla ya kugusa kalamu, hivyo viwili vinazuia hela ya watu kupotea, mengine yanaweza kuja wiki zijazo. Na hukuniambia foleni iko kwenye databesi gani. Ikiwa Postgres, MySQL au SQLite ile UPDATE inaenda kama ilivyo. Ikiwa Redis hakuna UPDATE ya namna hiyo, utahitaji kaskripti kadogo ka Lua, lugha ambayo Redis inaiendesha ndani yake, kaangalie hali na kuibadilisha kwa pamoja, niandikie nikutengenezee.